Ndege Iliyoandikiwa Kindu

Faili la Nadia lilikuwa na karatasi kumi na moja. Ya kumi na mbili ilitakiwa iandikwe na Pulchérie Asukulu, ofisa wa polisi wa upelelezi, OPJ kama watu wa Fizi wanavyosema, na ilitakiwa iwe fupi. Barua ya mwendesha mashtaka haikuzunguka: shauri lifungwe, mtoto atangazwe kuwa anadhaniwa amekufa, karatasi zifike mezani Ijumaa saa sita mchana.

Ilikuwa Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi.

Pulchérie alilisoma faili lote akiwa amesimama. Mwezi wa tisa, mwaka 2017, vita vilipokaribia Baraka, ndege ndogo ya kukodi ilikuja kuchukua majeruhi. Miongoni mwao alikuwa mtoto wa miaka mitano, Nadia, risasi ya kupotea imempata pajani. Alipakatwa na muuguzi kutoka Nundu, jina lake Aline. Karatasi ya uhamisho ilionyesha waendako: Kindu. Kuruka, 10h40. Kutua, 12h05. Mwenzake aliyeshika shauri hili kabla yake alikuwa amepiga hesabu pembeni: Baraka hadi Kindu kwa njia ya anga, kilomita 375; mwendo wa ndege, kilomita 270 kwa saa; muda, saa moja na dakika ishirini na tatu. Akaipigia mstari mara mbili. Kwa hiyo ndege ilifika Kindu. Baada ya hapo, hakuna aliyemwona Aline wala mtoto. Rubani alikuwa mgeni, amesharudi kwao. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imevunjwa.

Hesabu ilikuwa safi. Kilichomsumbua Pulchérie kilikuwa karatasi ya nne. Hapo alitajwa Eugène, mlinzi wa kiwanja cha ndege, aliyeandika saa za kuruka na kutua. Alitajwa tu. Hakuna mahali alipohojiwa.

Alilifunga faili ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda pikipiki, akashuka Baraka.

*

Watu wa sokoni walimwita Hawa Mama Nadia, hata wale waliozaliwa baada ya Nadia kuondoka. Alikuwa ameketi nyuma ya fungu la ndagala wakavu. Alipoona mfuko wenye faili aliacha kupepeta.

"Munakuja kumufunga mutoto wangu," alisema.

"Ninakuja kuuliza, mama. Kufunga ni kesho."

"Kesho tu, njo siku shemeji Kassimu anataka kusoma hitima. Sala ya Ijumaa ikiisha. Ameshaalika watu." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Anasema roho ya mutoto inateseka juu ya mi kukataa. Mi nilimwambia, hitima inasomewa mufu. Munionyeshe kaburi, nitakuja na nitalia kuliko ninyi wote."

Pulchérie aliketi juu ya kigoda cha jirani. "Siku ile, ulifika mpaka kwenye ndege?"

"Nilifika mpaka kwenye mulango. Nafasi ilibaki moja. Muuguzi alisema, mama, ao wewe ao mi, lakini wewe hauwezi kumutundikia maji ya dawa. Alisema kweli. Nilimupa mutoto."

"Alisema wanakwenda wapi?"

"Kindu. Ile karatasi ilikuwa imeandikwa Kindu toka asubuhi."

"Na ndege iliruka ikielekea upande gani?"

"Upande wa ziwa."

Pulchérie aliinua kichwa. Kindu ni magharibi, nyuma ya milima. Ziwa ni mashariki. Aliandika maneno hayo mawili, *upande ziwa*, akayawekea alama ya kuuliza.

"Ukaenda Kindu kumtafuta."

"Mara mbili. Ya kwanza wiki tano njiani, malori na miguu. Nikazunguka hospitali zote, na makaburi yote. Ya pili nilikaa huko mwaka na nusu, nikiuza mihogo karibu na kiwanja ya ndeke. Kila ndeke ikishuka nilikuwa nasimama." Alianza tena kupepeta, polepole. "Hata sasa nikilala naelekeza kichwa upande ule. Wanangu wengine bananicheka."

"Mwambie Kassimu anisubiri," Pulchérie alisema akisimama.

"Mumwambie ninyi. Mi hanisikie tena."

*

Kiwanja cha ndege kilikuwa uwanja mrefu wa udongo mwekundu, mbuzi wamelala katikati. Eugène alikuwa amezeeka lakini amenyooka. Tangu vita vile alikuwa ameishi Lulimba kwa wanawe, akarudi kazini mwaka huu tu. Ndiyo sababu mwenzake Pulchérie hakumpata, au hakumtafuta.

"Kitabu cha 2017 kiko wapi, papa?"

"Kiko. Nilikimbia nacho. Bibi yangu alibeba sufuria, mi nikabeba kitabu."

Alikitoa kutoka kwenye sanduku la bati, akakifungua kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Mistari ilikuwa mitatu tu. *10h40, kuruka, Kindu. 12h20, kutua. 12h50, kuruka.* Baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu.

Pulchérie aliweka kidole kwenye mstari wa pili. "Ndege hii ilitua hapa saa sita na dakika ishirini. Ni ileile?"

"Ileile. Ilirudi kuchukua bagonjwa bengine. Haikuzima hata moteri. Mzungu akanitupia nakala ya karatasi, nikaandika saa ya kurudi, akapakia, akaruka. Na mi nikakimbia, ile nakala nikaiacha kwa polisi ya Fizi."

"Mwenzangu aliandika kwamba ulikosea. Kwamba ulitaka kuandika 15h20."

Mzee alivua kofia. "Mi nikose? Angalia chini yake. Saa saba kasoro kumi iliruka tena. Muntu anaandika saa tisa, halafu anashuka mustari anaandika saa saba? Saa tisa mi nilikuwa njia ya Fizi, natembea."

"Na saa yako ilikuwa sawa?"

"Kila asubuhi nilikuwa naifuatisha na redio."

Pulchérie alitoa nakala ya karatasi ya uhamisho, akailaza kando ya kitabu. Kuruka, saa nne na dakika arobaini: mwandiko wa Eugène. Kutua, saa sita na dakika tano: mwandiko mwembamba wa Aline, na sahihi yake. Kutua tena Baraka, saa sita na dakika ishirini: Eugène. Kati ya kutua huko na kutua hapa palikuwa na dakika kumi na tano. Kutoka Kindu ingehitaji dakika themanini na zaidi.

"Basi haikwenda Kindu," alisema.

"Karatasi inasema Kindu."

"Karatasi iliandikwa asubuhi kabla ya kuruka. Papa Eugène, hali ya hewa ilikuwaje?"

Mzee alifikiri. "Hapa jua. Lakini kule kwenye milima mvua ilikuwa imesimama, nyeusi kama masizi ya sufuria. Nilisema moyoni, huyu mzungu atapita wapi?"

"Na iliruka kuelekea ziwa."

"Zote zinaruka kuelekea ziwa, mama OPJ. Upepo unatoka kule. Kisha zinageuka."

Pulchérie alifuta alama yake ya kuuliza. Hiyo haikuthibitisha lolote. Alianza upya. Kutoka kuruka hadi kurudi ilikuwa saa moja na dakika arobaini. Kwenda, kushusha majeruhi, kurudi. Kalemie je? Kilomita mia mbili kusini, dakika arobaini na tano. Kwenda na kurudi, saa moja na nusu. Dakika kumi za kushusha. Jumla, saa moja na dakika arobaini kamili.

Alisimama. Hesabu iliingia kama ufunguo. Alishatoa simu ili ampigie mwenzake wa Kalemie, kisha akaangalia tena mwandiko mwembamba wa Aline, akairudisha mfukoni. Kama Aline alitua Kalemie, angetua saa tano na nusu hivi. Yeye aliandika saa sita na dakika tano. Hata ingekuwa kiwanja gani, ndege iliyotua huko saa sita na dakika tano isingekuwa Baraka dakika kumi na tano baadaye. Kwa mwendo wake, ndani ya muda huo isingepita kilomita sabini, na ndani ya kilomita hizo palikuwa na vita vilevile walivyovikimbia.

"Mmoja wenu anasema uongo," alisema. "Wewe au Aline."

"Mi nilikuwa na saa ya mukononi na redio," Eugène alijibu, akirudisha kofia kichwani. "Ule muuguzi alikuwa na bagonjwa sita. Lakini mi simuite mwongo. Nilimuona. Alipanda ndeke na viatu vimejaa damu, hakulia."

*

Ilibaki kumfuatilia Aline kupitia watu wa kwao. Aliyejua habari za watu wa Nundu waliovuka ziwa wakati wa vita alikuwa Haruna, mwenye maboti. Babu zake walifanya biashara kwenye ufuko huo kabla ya mipaka. Pulchérie alimkuta bandarini, karibu saa nane mchana, simu sikioni, akiwaelekeza wapakizi kwa mkono mwingine. Alimpa ishara asubiri.

"Boti itafika Jumamosi saa nane," Haruna alikuwa akimwambia mtu. "Hapana dada, saa nane yetu. Yenu saa tisa. Mara ngapi tutasumbuana na hii? Basi andika saa tisa." Akakata. "Samahani, mama OPJ. Dada yangu, wa Kigoma. Karibu."

"Papa Haruna, umesema nini sasa hivi?"

"Kuhusu boti?"

"Kuhusu saa."

"Kigoma iko mbele yetu saa moja. Hapa saa nane, kule saa tisa. Kila mutu wa hapa anajua."

Pulchérie aliketi juu ya gunia la mahindi bila kuuliza ni la nani, akageuza faili, akaandika mgongoni mwake. Saa sita na dakika tano za Kigoma ni saa tano na dakika tano za Baraka. Kutoka saa nne na dakika arobaini: dakika ishirini na tano.

"Kutoka hapa mpaka Kigoma, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita ngapi?"

"Boti zangu zina ile mashine ya kuonyesha njia," Haruna alisema. "Kutoka hapa tunazunguka rasi ya Ubwari, inakuwa ndefu. Lakini ndege? Mia moja na saba, mia moja na nane."

Kilomita 107, kwa mwendo wa 270: dakika ishirini na nne. Kutua saa tano na dakika tano. Dakika hamsini za kushusha majeruhi na kuulizwa karatasi na watu wa mpakani. Kuondoka saa sita kasoro dakika tano. Baraka, saa sita na dakika ishirini. Eugène hakudanganya. Aline hakudanganya. Kila mmoja aliandika saa aliyoiona mbele yake.

Na hesabu ya mwenzake ilikuwa imepatana na Kindu kwa bahati mbaya tu. Saa moja ya mpaka ilijificha ndani ya safari, ikaigeuza dakika ishirini na tano kuwa saa moja na dakika ishirini na tano.

"Rubani aliona mvua kwenye milima," alisema. "Akageuza. Akavuka ziwa."

Haruna alivuta kigoda, akaketi mbele yake. Sauti yake ilishuka. "Ni ule mutoto wa Hawa?"

"Ndiye."

"Ya Rabi. Mi nimeenda Kigoma mara mia toka ile siku."

"Nani kule anawajua Wakongo?"

"Dada yangu anauza ndagala mpaka kambini, kule bakimbizi betu wanaishi. Muuguzi wa Nundu anayejua kudunga sindano? Kama iko muzima, hawezi kufichama. Watu wataonyesha mulango wake."

"Mpigie. Usitaje mtoto. Muulize muuguzi tu, jina Aline, aliyefika mwezi wa tisa 2017 kwa ndege."

"Nimwambie Hawa?"

"Hapana," Pulchérie alisema. "Ndege kutua si mtoto kupona. Risasi ilikuwa pajani, na miaka ni saba. Usimwambie mtu."

Kabla ya kwenda alikopanga kulala, hapohapo Baraka, alipita kwa Kassimu. Shemeji wa Hawa alikuwa mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, na alishaazima mikeka. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, imekunjwa, imefungwa kwa kamba.

"Baba, hitima isubiri kidogo."

"Mama, tumesubiri miaka saba. Marehemu ndugu yangu alikufa akimungoja huyu mutoto. Mi sitaki Hawa naye afe hivyo, macho njiani. Ile siyo maisha. Kama hatumuziki hata kwa dua, atatuzika sisi akingali anangoja."

Pulchérie alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. "Nipe mpaka kesho saa sita."

"Saa sita adhana inapigwa."

"Basi mpaka adhana."

*

Ijumaa, saa tatu ya asubuhi, hakuna. Saa nne, hakuna. Pulchérie alikaa katika duka la Haruna na faili magotini, karatasi ya kumi na mbili ikiwa bado nyeupe. Saa tano na nusu simu ya Haruna iliita. Alisikiliza, akasema "mupe," akamnyooshea Pulchérie.

Sauti ya mwanamke ilikuwa kavu, ya mtu aliyezoea kutopewa habari njema. "Nani anauliza Aline?"

"Ofisa Asukulu, upelelezi, Fizi. Wewe ni Aline wa Nundu?"

"Njo mimi."

"Una karatasi yoyote ya safari ile ya ndege?"

"Ninayo. Ile ya juu. Nakala nilimupa rubani."

"Nisomee namba iliyo kwenye kona."

Karatasi ilichakarika. "Sifuri, ine, moja, saba. Herufi B."

Pulchérie aliitazama nakala yake. 0417 B. "Saa ya kutua uliiandika kutoka wapi?"

"Kulikuwa saa kubwa ukutani, pale kiwanjani. Mi sikuwa na saa." Karatasi ilichakarika tena. "Mama ofisa, kwa nini munaniuliza saa?"

"Na mtoto?"

Pulchérie alisikia kuku, na mtu akitwanga.

"Alipasuliwa Kigoma siku ileile," Aline alisema. "Mguu ulipona. Nilituma muntu Baraka mara mbili. Wa kwanza alisema ile mitaa iliungua, mama hayuko. Wa pili, mwaka uliofuata, alisema mama alikwenda Kindu, hajarudi, watu banafikiri alikufa njiani. Nikasema, nitamulea. Nilikosea?"

"Hapana," Pulchérie alisema. "Alikwenda Kindu kumtafuta."

Upande wa pili kinu kilinyamaza.

Haruna alikuwa ameshatoka mbio kwenda sokoni.

*

Hawa aliingia dukani na magamba ya ndagala mikononi. Nyuma yake alikuja Kassimu, amevaa kanzu ya Ijumaa, na nyuma ya Kassimu watu wa nusu mtaa. Pulchérie aliwazuia mlangoni wote isipokuwa wawili hao. Alimketisha Hawa. Alimwambia kwa mpangilio, kama anavyosoma maelezo mbele ya hakimu: mvua kwenye milima, ndege kugeuka, saa za Kigoma, namba ya karatasi, mtoto kupasuliwa na kupona. Hawa alisikiliza akiitikia kila jambo kwa kichwa, mpaka ofisa alipofika kwenye neno Kigoma tena, mara ya pili.

"Kigoma," Hawa alisema. "Hapa tu."

"Hapa tu, mama."

"Na mi nililala nimegeuka upande wa Kindu."

Kassimu aliushika ukuta. Pulchérie aliweka simu mezani, sauti juu.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya msichana, nyembamba, ya mtu aliyesukumwa mbele aongee. "Shikamoo."

Hawa aliishika simu kwa mikono yote miwili. "Marahaba," alisema. "Marahaba. Nadia?"

"Ndiyo."

"Unanijua?"

"Nimeambiwa." Msichana alivuta pumzi. Aliongea Kiswahili cha ng'ambo, kila neno limesimama peke yake. "Nakumbuka kitenge cha njano. Sijui kama ni kweli ama niliota."

"Ni kweli. Kilikuwa cha njano."

"Nilidhani utapanda ndege ya pili."

Hawa alifumba macho. "Mutoto wangu, nafasi ilikuwa moja. Nilikupa. Nilifikiri ni siku tatu."

"Mimi nilisubiri pale kiwanjani. Sikutaka kupelekwa hospitali. Nilipiga kelele sana, mama Aline ndiye anasema." Kisha, haraka, kana kwamba amesema kosa: "Huku namwita mama."

Haruna alitazama sakafu. Kassimu alimtazama Hawa, akingoja, na Pulchérie aligundua kwamba na yeye anangoja, kalamu imesimama juu ya karatasi.

"Muite mama," Hawa alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka shingoni, lakini sauti ilikuwa tulivu. "Njo mama yako. Alikubeba mi nisipokuweko. Mwambie ninakuja na boti ya kwanza, ninakuja kumupigia magoti. Mwambie asiogope, sitakuja kukunyang'anya kama mwizi. Nitakaa hata pale mulangoni. Nataka kukuona unatembea."

"Natembea vizuri," Nadia alisema. "Nachechemea kidogo mvua ikinyesha."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu. Nakimbia pia. Shuleni mimi ni wa pili kwa kukimbia." Kisha akauliza: "Boti inafika saa ngapi?"

Kutoka msikitini adhana ilianza. Kassimu hakusogea. Alivua kofia yake, akaishika kifuani kama mtu anayesalimia mgeni, akaenda mlangoni akawaambia watu kwa sauti ya chini warudishe mikeka kwa wenyewe.

Pulchérie aliandika kwenye karatasi ya kumi na mbili: *Mtoto yu hai. Kigoma.* Akaweka sahihi na tarehe, akakunja faili, ingawa saa sita ya mwendesha mashtaka ilikuwa imeshafika. Hawa alikuwa amelaza shavu mezani kando ya simu, akimuuliza binti yake anapenda kula nini, na jina la aliyekuwa wa kwanza kwa kukimbia, na kama mvua inanyesha sasa hivi huko alipo. Ofisa alimgusa Haruna begani. Walitoka wote wawili, wakavuta mlango.